Satelaiti kwenye simu: ujumbe wa dharura ziwani uwe bure kwa laini zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niongelee hili suala la simu kushika mtandao moja kwa moja kutoka kwenye satelaiti, maana naona mijini watu wanalizungumza kama habari za Elon Musk na utajiri wake tu, wakati kwetu sisi wa pembeni ya Ziwa Tanganyika ni suala la mvuvi aliyezimikiwa na mashine usiku kupata mtu wa kumwambia.

Desemba 2025 Airtel Africa walitangaza wamekubaliana na SpaceX, kampuni ya huyo Musk, kuleta huduma ya Starlink ya moja kwa moja kwenye simu katika nchi zote 14 wanazofanya biashara, Tanzania ipo, Kenya ipo, Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia, Malawi na nyingine, wakasema wataanza 2026 na ujumbe mfupi na data kwa programu chache, ila kila nchi mpaka mamlaka yake ya mawasiliano itoe kibali. Hapo kwenye kibali ndipo palinifanya nishike simu niandike. Kibali kina masharti, na masharti ndio sehemu pekee ambayo sisi wananchi tunaweza kusema tunataka nini kabla mambo hayajafungwa.

Ninachoomba ni hiki: masharti yaseme wazi kwamba ujumbe wa dharura kupitia satelaiti ni bure, kwa mwenye laini ya kampuni yoyote, hata kama hana bando wala salio, na hata kama upepo umemsukuma akavuka mpaka wa nchi bila kujua.

Kwanini naanza na ziwa na sio vijijini? Nitaeleza. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, upana kuna sehemu unafika kilomita 70 na zaidi, na pande zote mbili kuna milima inayoshuka mpaka majini. Ukitoka Kigoma ukaelekea kusini ukafika chini ya milima ya Mahale ni ukuta mtupu, mnara ulioko nyuma ya mlima haukusaidii chochote. Na hata pale ambapo hakuna mlima bado kuna kikomo, mafundi wa minara watanielewa, simu za 2G kwa kawaida mwisho wake ni kilomita 35 kutoka kwenye mnara hata kama mawimbi bado yanafika, kwasababu simu na mnara vinapeana zamu za kuongea zilizopimwa kwa muda mdogo sana, ukiwa mbali zaidi ya hapo sauti yako inafika imechelewa na kuingia kwenye zamu ya mwenzako, kwahiyo mnara unakukataa. Na mtu wa kwenye mtumbwi simu yake ipo chini kabisa usawa wa maji, imefungwa kwenye nailoni isilowe, yaani hata hizo 35 hazifikii.

Uvuvi wetu wa dagaa na migebuka unafanyika usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwaka watu wanapumzika. Kwahiyo muda ambao watu wengi wapo majini ndio muda ambao hakuna anayewaona. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini unavuma na unajua kubadilika ghafla. Ongeza abiria, maana tangu meli ya abiria MV Liemba isimame kwa ajili ya matengenezo, watu wa vijiji vya kusini wanategemea maboti ya mbao yaliyojaa magunia, mama na watoto wamekaa juu ya mizigo. Kila anayeishi mwaloni, yaani pwani wanakoshushia samaki, ana jina la ndugu au jirani ambaye boti lake lilizimika, na kilichomuokoa ni mtu mwingine kupita kwa bahati, au hakuokoka.

Sasa hii satelaiti ya simu inafanyaje kazi, nielezee kwa kifupi maana nimeona upotoshaji mwingi mitandaoni. Sio dishi. Dishi la Starlink la kufunga juu ya bati ni huduma nyingine, ya intaneti ya nyumbani, ambayo Rwanda na Kenya waliianza 2023. Hii ninayosema haihitaji dishi, ni kama wamechukua mnara wa 4G wakaupandisha angani, simu yako ileile ya kawaida inaona mtandao inajiunga. Satelaiti sita za kwanza za aina hiyo SpaceX walizirusha Januari 2024, sasahivi zimevuka 650, na zinazunguka chini sana, kama kilomita 360 tu juu yetu, wakati zile za televisheni zimekaa kilomita karibu elfu 36 juu ya ikweta. Kwakuwa zipo chini hazitulii sehemu moja, zinapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hii ikizama nyingine inapokea, na kwa kasi hiyo mawimbi yanabadilika kabisa kabla hayajafika kwenye simu, kwahiyo satelaiti inapiga hesabu yenyewe na kuyarekebisha ili simu isishtuke. Wale wanaoandika kanuni za mitandao ya simu duniani, 3GPP, waliingiza satelaiti rasmi ndani ya 5G kwenye toleo lao la 17 mwaka 2022, humo simu yenyewe inajua ipo wapi kwa GPS, inajua satelaiti ipo wapi, inasawazisha kabla ya kutuma. Hizo ndizo simu zinazokuja.

Na sio kampuni moja. Kuna AST SpaceMobile ya Texas ambayo Vodafone wameweka hela, Vodafone ndio mama wa Vodacom, hao satelaiti yao ya majaribio BlueWalker 3 ilirushwa Septemba 2022 ikiwa na antena ya mita za mraba 64, mwaka uliofuata wakapiga simu ya sauti kutoka Texas mpaka Japani kwa Samsung ya kawaida kabisa. Wachina wana simu za Huawei zinazopiga kwa satelaiti yao ya Tiantong tangu 2023. Marekani T-Mobile walianza kuuza huduma Julai 2025, New Zealand walitangulia Desemba 2024, Ukraine wakaingia Novemba 2025 katikati ya vita. Jambo hili limeshatoka kwenye majaribio. Zamani ilikuwa Iridium ya 1998 na satelaiti zake 66, simu kubwa ya bei ya gari kukuu, haijamaliza hata mwaka ikafilisika, na huku kwetu tuliona simu za satelaiti za Thuraya mikononi mwa watu wa mashirika waliokuwa wanavuka kwenda Kongo, mvuvi hakuwahi kuigusa. Safari hii simu ni ileile aliyonayo mfukoni, na hapo ndipo ninapopata matumaini makubwa sana.

Ila niseme ukweli wake wote. Hii huduma inataka anga wazi. Ndani ya nyumba ya bati haishiki, chini ya miti mikubwa inahangaika, ndani ya mfuko inasumbua. Halafu uwezo wake ni mdogo, satelaiti moja inamulika eneo la makumi ya kilomita na watu wote waliomo humo wanagawana kasi ambayo mnara wa mjini unawapa watu wachache tu. New Zealand walipoanza ujumbe ulikuwa unachukua dakika kadhaa kufika. Kwahiyo anayedhani kijiji kizima cha watu elfu tatu kitaangalia video kwa satelaiti asubiri kwanza. Kijiji kinataka mnara. Sasa angalia tena mtumbwi katikati ya ziwa: hakuna bati, hakuna mti, hakuna mlima juu ya kichwa, anga lote lipo wazi toka upeo mpaka upeo, na watu waliopo kwenye eneo hilo ni mamia tu na wanahitaji ujumbe wa maneno kumi. Hakuna sehemu ambayo teknolojia hii inafaa kuliko majini. Ndio maana nimeanza na ziwa, na wenzetu wa Ziwa Victoria, Nyasa, Rukwa, na wa bahari kule Mafia na Pemba wataniunga mkono.

Hapa niweke onyo dogo. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini Mei 2023 ujenzi wa minara 758 vijijini, ni kazi nzuri na iendelee. Naogopa kitu kimoja, kampuni ije iseme kijiji fulani tayari "kimefikiwa" kwasababu satelaiti inapita juu yake, halafu mnara usijengwe. Satelaiti isihesabiwe kama mnara. Nimemaliza hapo.

Turudi kwenye bure. Najua kampuni zitasema nani atalipa. Naomba waangalie Marekani, nchi ya biashara kuliko zote. T-Mobile wanauza huduma yao ya satelaiti kwa dola 10 kwa mwezi, lakini mwaka 2025 huohuo wakatangaza kwamba ujumbe wa kwenda 911, namba yao ya dharura, kupitia satelaiti utakuwa bure hata kwa wateja wa washindani wao AT&T na Verizon. Na kabla ya hapo, kimbunga Helene kilipoangusha minara kule North Carolina mwishoni mwa Septemba 2024, mamlaka yao ya mawasiliano FCC iliruhusu satelaiti zitumike haraka ili watu wapate ujumbe wa dharura, huduma ikiwa bado haijaanza hata kuuzwa. Kama mtu wa North Carolina anastahili hivyo, mvuvi wa Kirando anastahili hivyohivyo.

Tena kwetu sababu ni kubwa zaidi. GSMA, ule umoja wa kampuni za simu wenyewe, kwenye ripoti yao ya 2024 walisema Afrika kusini mwa Sahara watu asilimia 13 ndio wanaishi sehemu isiyo na intaneti ya simu kabisa, lakini asilimia 60 wanaishi chini ya mtandao na hawautumii. Kubwa kati ya sababu ni bei ya simu na bei ya bando. Sasa mtu ambaye hana hela ya bando la kawaida la wiki, mnategemea atanunua bando la satelaiti akae nalo akisubiri siku boti lizame? Hatanunua. Mimi nawajua hawa watu, nanunua dagaa kwao, hela inayobaki baada ya mafuta na mgao wa wenye nyavu inaenda kwenye unga. Dharura ikiwa ndani ya bando la kulipia, watakaookolewa ni watalii wanaokwenda Mahale kuangalia sokwe, na wale waliowabeba kwenye boti watabaki wanatazama.

Kuna na tatizo la kitochi, hili nalisema kwa uzito kabisa. Huduma ya Starlink kwenye simu ni ya 4G. Kitochi cha 2G hakiioni, kwake ni kama haipo. Na majini ndiko kitochi kilikojaa, kwasababu kinakaa na chaji siku nyingi, kikianguka hakivunjiki, kikizama hasara sio kubwa. Kwahiyo huduma inaweza ikaja, ikasifiwa kwenye magazeti, na mtumbwi wenye watu sita usiwe na simu hata moja inayoishika. Serikali inapunguza kodi kwenye vitu vingi, basi iangalie simu ndogo za 4G za batani, zipo na sio ghali sana, zifike mialoni kwa bei nafuu kupitia vyama vya wavuvi, moja kwa kila mtumbwi ingetosha kabisa kuanzia. Leseni ya uvuvi inadai jaketi la kuokolea, sioni ubaya siku moja ikataja na simu inayoshika satelaiti, ilimradi isiwe njia ya kumtoza mvuvi faini kabla hajasaidiwa kuipata.

Sasa mpaka. Hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi na sijaona mtu analigusa. Ziwa letu lina nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Masafa ya redio yanayotumika angani ni ya kampuni iliyopewa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, Tanzania inatoa TCRA, Kongo ARPTC, Burundi ARCT, Zambia ZICTA. Satelaiti ikimulika eneo la makumi ya kilomita kwenye ziwa lenye upana wa wastani wa kilomita hamsini, mwanga wake lazima umwagikie kwa jirani. Ili isivuruge minara ya jirani, dawa rahisi kwa kampuni ni kuzima au kupunguza huduma karibu na mpaka. Na mpaka wetu uko wapi? Uko katikati ya maji, palepale ambapo mtu anahitaji msaada! Kwahiyo tusipoangalia tutapata huduma inayofanya kazi vizuri kule ambako minara ipo na inazima kule ambako watu wanazama. Halafu Airtel wapo Tanzania, Kongo na Zambia, Burundi hawapo. Mrundi aliyetoka Rumonge akasukumwa na upepo simu yake itajiunga na nani? Na wa kwetu akiingia maji ya Burundi?

Nchi hizi nne zina chombo tayari, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake Bujumbura, kilichotokana na mkataba wa 2003. Na sio chombo cha makaratasi tu, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi hizo, na sisi wa mialoni tulikaa na njaa yetu tukatii kwasababu tuliambiwa samaki wazaliane. Kama waliweza kukubaliana kutufungia wote kwa pamoja, wanaweza kukaa wakubaliane kwamba juu ya ziwa ujumbe wa dharura hauna mpaka, masafa ya dharura yasizimwe upande wowote, na gharama ya kuvuka mtandao isiwepo. Kenya, Uganda na Rwanda waliondoa gharama kubwa za kupigiana wakiwa kwenye nchi ya mwenzao tangu 2014, kwahiyo sio jambo geni Afrika Mashariki. Na kuna mkutano wa dunia wa masafa ya redio, WRC-27, utafanyika Shanghai mwezi wa kumi na wa kumi na moja 2027, ajenda mojawapo ni hii hii ya satelaiti kutumia masafa ya simu za kawaida. Wataalamu wetu wanakwenda kule. Waende na suala la maziwa yenye nchi nyingi mkononi, wasiende kusikiliza tu mataifa makubwa yakigawana anga. Victoria lina nchi tatu, Nyasa tatu, Kivu mbili, Tanganyika nne, nani mwingine duniani ataliongelea kama sio sisi?

Nikumbushe pia kwamba kampuni zikiamua zinaweza. Mwaka 2007 na 2008 hivi, kampuni ya simu ya Zain walishirikiana na Ericsson na GSMA wakarekebisha minara 21 kuzunguka Ziwa Victoria ili mawimbi yaende mpaka kilomita 20 ndani ya maji, lengo lilikuwa usalama wa wavuvi. Zain huyohuyo Afrika alinunuliwa mwaka 2010 na ndiye Airtel wa leo. Kwahiyo wazo la kumfikishia mvuvi mtandao kwa ajili ya uhai wake lipo kwenye nyumba hiyo tangu zamani, nawaomba waliendeleze.

Mwisho, nani atapokea huo ujumbe? Hapa naomba TCRA, TASAC wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, na Polisi Wanamaji wakae meza moja. Tumezoea 112 kama namba ya kupiga, lakini satelaiti inaanza na ujumbe, kwahiyo 112 lazima iweze kupokea ujumbe pamoja na sehemu simu ilipo, na kuwe na mtu macho saa nane usiku, Kigoma sio Dar es Salaam, mwenye namba ya nahodha wa boti la uokoaji lenye mafuta. Kiswahili kinatosha, maana ukitoka Kalemie, Uvira, Baraka, Rumonge mpaka Kigoma na Kasanga watu wa majini wanaelewana kwa Kiswahili, ofisi moja inaweza kupokea kilio cha pande zote na kumpigia aliye karibu, awe Mkongo awe Mtanzania. Na njia hiyohiyo irudi kwa upande wa pili, TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wakiona upepo mkali unakuja watume onyo kupitia satelaiti kwa kila simu iliyopo juu ya ziwa kabla watu hawajawasha taa.

Sijui sheria za leseni kwa undani, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, lakini najua leseni ikishatolewa kubadilisha masharti yake ni kazi ya miaka. Kwahiyo naomba TCRA watujibu kupitia gazeti hili: kipengele cha dharura bure kwa laini zote kimo kwenye masharti ya huduma hii au hakimo, na kama hakimo, tuandike wapi na kabla ya tarehe gani?

Wenu msomaji,
Ujiji, Kigoma